Mvua, Nyaya na Besi ya Mzee Wangu

Machi 4
Mvua imeingia asubuhi bila hodi na kunikuta nimeanika sare za watoto wa watu. Nimezianua mbio mpaka ndara moja ikabaki uani. Bado iko huko, inaogelea.

Mimi sikusoma. Herufi nilizijua kwa sindano, kwa kutarizi majina kwenye kola za sare. Nilikuwa naweza kushona jina zima la mtoto bila kujua linatamkwaje. Masikio ya mzee wangu yalipoziba, mjukuu wetu anayefanya kazi duka la dawa akanikalisha kitako, akanifundisha kusoma na kuandika ili niongee na babu yake kwa chaki kwenye kibao. Basi nikaongea. Niliongea mpaka mwenyewe akachoka kusoma. Sasa nikimwonyesha kibao anageuza uso kama mtoto aliyeona kijiko cha dawa, wala hanijibu. Hamjibu mtu yeyote. Anakaa kwenye kochi lake karibu na ukuta, anatazama mlango. Mimi si mtu wa kumeza maneno, yananikaba. Nayamwaga humu daftarini.

Machi 5
Mvua. Mzee hakusema kitu.

Machi 9
Mwanangu mkubwa amekuja na matope mpaka magotini. Akala, akamtazama baba yake, akanivuta jikoni. Anasema barabara ikikauka atakuja na gari amchukue Mzee akakae kwake, maana kule kuna hospitali yenye daktari wa masikio na nyumba ina nafasi. Akasema nami niende. Nikamuuliza cherehani na wateja wangu nivifunge kwenye shuka nibebe kichwani? Akasema, "Mama, Baba hapa anakaa tu kama kabati."

Nikamwambia kabati hilo ndilo lililomzaa.

Akaenda kuandika kwenye kibao: Baba, utakuja kwangu? Na Mzee, ambaye mimi ananigeuzia uso, kwa mwanawe akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Sikuliangusha, lakini Mungu ndiye anajua lilivyobaki mikononi.

Machi 10
Mvua. Sijamwandikia neno kwenye kibao. Akitaka chumvi ataitafuta.

Machi 11
Chumvi nimempa. Alikuwa anaitafuta kwenye kopo la vifungo.

Machi 15
Leo Mzee amesema neno.

Lori la matofali limekwama kwenye matope mbele ya dirisha letu, dereva akawa analikanyagia mafuta linanguruma bila kusogea. Mimi niko kwenye cherehani, nimekasirika kwa sababu uzi unakatika. Mzee amelala kwenye kochi, mkono umelalia ukuta. Mara akafumbua macho, akasema, "Lori."

Sauti ilitoka kama mlango wa stoo. Nikaachia pedali. Nikaenda nikaweka kiganja changu ukutani karibu na chake. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Lori halikumwingia masikioni, lilimwingia mkononi.

Nikageuka nikayatazama maboksi mawili ya sebuleni. Watoto wanayaita sabufa. Mzee aliyatengeneza mwenyewe alipoacha bendi, kwa mbao nene, kila moja lina spika yenye mdomo mpana kama sinia. Masikio yalipoziba akayachomoa, nami nikayafunika vitambaa, juu nikaweka picha za harusi na kopo la vifungo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiyapangusa vumbi kama makaburi.

Machi 16
Usingizi wa mchana ulinikataa kwa kukumbuka. Mzee alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye ukumbi wa dansi, mimi nikiwashonea bendi mashati. Watu hudhani nilimpendea uso. Uso wake ulikuwa wa kawaida, na mpaka leo ni wa kawaida. Nilimpendea besi. Wenzangu walikwenda mbele kumtazama mwimbaji, anayejipaka mafuta mpaka anateleza, mimi nikasimama pembeni, karibu na boksi kubwa la spika. Mwimbaji anakuimbia masikioni tu. Besi inaingia kwa nyayo, inapanda magotini, inafika kifuani inakaa. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu huyu anayetaka kunichukulia mume, besi ikianza tu naye alianza mateke. Nilimwambia Mzee wakati wa mapumziko, naye akaja na jasho lake akaweka mkono tumboni. Akaniambia mtoto anakwenda na mapigo sawasawa kuliko mpiga ngoma wao.

Nimemwandikia kwenye kibao: Nataka kufufua sabufa. Akasoma, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Kesho namwita Risasi.

Machi 18
Risasi ni fundi redio wa mtaa wa chini. Wamemwita hivyo kwa ajili ya risasi anayoyeyusha kuunganishia nyaya, lakini mwenyewe ni mpole, hata kuku akikaa kwenye kiti chake yeye husubiri ashuke. Amefunua nyuma ya maboksi, akapiga mluzi. Panya wamekula nyaya zote. Kwenye amplifaya, mashine ya kukuza sauti, zile sehemu za kufungia nyaya zimeota kutu ya kijani kama sarafu iliyozikwa.

Nimemwambia anieleze kila kitu maana sipendi kitu kifanyike nyumbani kwangu nisikijue. Akanieleza, na mimi naandika hapa nilivyoelewa. Kila spika ina midomo miwili midogo nyuma ya kufungia nyaya, mwekundu na mweusi. Mwekundu wa amplifaya uunganishwe na mwekundu wa spika, mweusi na mweusi. Waya wa besi uwe mnene, kwa sababu besi inakula umeme mwingi. Ukiipa waya mwembamba ni kama kumnywesha ng'ombe kwa mrija. Ukimenya waya unakuta nyuzi za shaba, unazisokota pamoja kama unavyosokota uzi kabla ya kuuingiza kwenye tundu la sindano. Unyuzi mmoja ukitoroka ukamgusa jirani yake, amplifaya inazima au inaungua. Hilo halikunipa tabu. Kitambaa kisichopindwa nacho huharibu gauni zima.

Machi 19
Risasi ameleta waya. Mnene, mzuri, lakini wa plastiki inayoonyesha ndani, na nyaya zake mbili za ndani zote rangi moja ya shaba. Wenye mstari wa kutofautisha dukani umekwisha, na barabara ya kuleta mwingine ina maji. Akaukata vipande viwili, kimoja kwa kila sabufa, akaniomba nivishonee mifuko mirefu ya kitambaa kigumu, kwa ajili ya panya na ukuta wenye unyevu. Akasema, "Bibi, halafu weka uzi mwekundu kwenye waya mmoja wa kila kipande, mwanzo na mwisho, nijue upi ni upi."

Nikamwambia mimi naweka alama kwenye nguo tangu mama yake hajaota meno. Akacheka, akaniachia vile vipande.

Machi 21
Nimemaliza mifuko. Kitambaa cha turubai, mshono wa kurudia, uzi mwekundu mwanzo na mwisho. Jozi safi, ukizilaza mezani zinatazamana. Mjukuu anasema hajawahi kuona waya uliovaa vizuri kuliko yeye.

Machi 22
Umeme hakuna.

Machi 23
Umeme hakuna. Mama Mayai, jirani wa upande wa pili wa ukuta, amekuja kuuliza kama nimekufa, maana hajasikia cherehani. Nikamwambia nimekufa, aache mayai mezani aende. Kaacha mayai.

Machi 27
Siku mbaya. Bora niandike yote nitue mzigo.

Umeme umerudi. Risasi amekuja amekwangua kutu kwenye zile sehemu za kufungia mpaka zikang'aa, akafunga nyaya zangu: penye uzi mwekundu kwenye mdomo mwekundu, usio na uzi kwenye mweusi, akakaza vile vichwa vya skrubu kwa vidole. Kila kitu kikakaa vizuri kama kofia. Nikamketisha Mzee kwenye kiti katikati ya chumba, nikamvua viatu, nyayo zikae sakafuni. Alinitazama kana kwamba nataka kumnyoa. Nikachagua kanda ya dansi. Risasi akawasha.

Ikatoka sauti ya nyuki kwenye kopo. Gitaa jembamba lipo, mwimbaji yupo, besi hakuna. Nikamwambia Risasi aongeze. Akaongeza. Nyuki wakaongezeka. Nikavua ndara nikasimama karibu na kiti cha Mzee: sakafu imekaa kimya kama maiti. Risasi akachomoa sabufa moja, ile nyingine ikanguruma kidogo. Akaichomoa hiyo, akachomeka ya kwanza, nayo ikanguruma. Akazichomeka zote mbili, besi ikayeyuka. Akajikuna kichwa, akasema labda mbao zimefura kwa unyevu, labda amplifaya imezeeka haiwezi kusukuma mbili.

Wakati tunabishana hivyo Mzee alikuwa ananitazama mimi, si maboksi. Nadhani alikuwa anasoma uso wangu ajue kama kuna muziki. Kisha akainuka, akachukua viatu vyake mkononi, akaenda chumbani.

Nilimfuata na kibao. Nikarudi nacho kitupu. Mimi.

Machi 28
Mvua. Risasi ameondoka na amplifaya akaipime kwake.

Aprili 5
Mwanangu amekuja tena. Nilikuwa nimejipanga kumpasha. Nilitaka kumwambia mtu hahamishwi kama kochi, na mengine nisiyotaka kuyaandika.

Nilipotoka jikoni nikamkuta amekaa chini karibu na miguu ya baba yake, anaongea. Si kwa kibao, kwa mdomo, polepole, habari za kazini kwake, bosi wake mpya, paa linalovuja. Mzee anatazama mlango. Mwanangu aliponiona akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema alikuwa anampigia baba yake simu kila Jumapili, wanaongea mpira na upuuzi mwingine mpaka salio linaisha. Akasema, "Siku hizi Jumapili naishika simu tu, Mama. Sijui nimpigie nani."

Maneno niliyojipanga nayo yakaenda zao. Nilidhani anakuja kuninyang'anya mume. Kumbe anamtafuta baba yake, kama mimi ninavyomtafuta, ila yeye ana gari na mimi nina nyaya. Nikampikia chai, nikamwekea sukari ya utotoni, mtu mzima mzima. Akainywa yote.

Aprili 6
Mvua ya mawe. Bati limepigwa kama lina deni.

Aprili 11
Nianze wapi.

Asubuhi Risasi amerudisha amplifaya. Nzima, haina ugonjwa. Anasema ameishiwa, kama ni mbao hana la kufanya. Amezifunga nyaya kama mwanzo, akaniaga kwa huruma kana kwamba kuna msiba. Nilipobaki nikawasha muziki kwa hasira tu, nyuki na walie, nikaenda jikoni kuchambua mboga.

Mvua ikawa inapiga, hivyo sikusikia chochote. Niliporudi sebuleni nikamkuta Mzee amepiga magoti sakafuni katikati ya maboksi, kayasogeza yakaribiane, kiganja kimoja juu ya hili, kingine juu ya lile, kama anapima homa ya watoto wawili. Macho kafumba. Sijui alifuata nini. Labda kopo la vifungo lilikuwa linacheza juu ya boksi. Nikasimama mlangoni na kisu cha mboga.

Akaondoa vitambaa vyangu vya mbele. Akagusa ule mdomo mpana wa spika moja kwa ncha ya kidole, taratibu, na wa pili kwa kidole cha mkono mwingine. Akakaa hivyo. Kisha akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Nani kafunga hizi?"

Aliyefunga ni Risasi, lakini mifuko na alama ni zangu, nikajionyesha kifuani kwa kisu. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mikono: hii inasukuma wakati ile inavuta. Moja inatoka nje, mwenzake anaingia ndani. "Zinakulana," akasema. "Kila moja inameza anachotoa mwenzake. Besi itatoka wapi?"

Akazima, akafungua nyaya zangu zote mbili, akazilaza sakafuni sambamba. Akafuata waya kwa kidole juu ya mfuko kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha wa pili. Akautazama uzi mwekundu huku, akautazama kule. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka. Jamani, huyu mtu alicheka mpaka akajiegemeza kwenye boksi. Nilisahau kuwa jino lake la pembeni limetoka, maana sijaliona hilo pengo tangu lizaliwe.

"Umeshona mikono ya shati," akasema.

Na kweli. Mikono ya shati lazima itazamane, wa kulia na wa kushoto, la sivyo umemshonea mtu mikono miwili ya upande mmoja. Kwa hiyo waya wa kwanza niliutia alama sawa, upande uleule mwanzo na mwisho. Wa pili, mikono yangu ikaufanya mwenza wa wa kwanza, nikageuza kazi mezani, alama ya mwisho ikaangukia waya wa jirani ndani ya mfuko uleule. Mwekundu ukaenda kwenye mweusi, mweusi kwenye mwekundu. Risasi aliamini uzi wangu kwa sababu nilimfokea asinifundishe alama. Hakuna aliyekosea ila mimi, na nilikosea kwa ustadi.

Akabadilisha ncha mbili tu nyuma ya boksi moja, akakaza kwa vidole vyake mwenyewe, akachukua betri ya tochi akagusisha kila waya kuhakikisha spika zote mbili zinaruka nje pamoja. Akawasha.

Vikombe vikagonga sinia. Kioo cha dirisha kikaimba. Ikaniingia kwa nyayo, ikapanda magotini. Mzee akalala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, mikono kaitandaza kama anaikumbatia nyumba. Nikalala na mimi. Mifupa yangu ililalamika, nikaiambia inyamaze.

Aprili 12
Mama Mayai amekuja. Kuku wake hawatagi, anasema ukuta unawatikisa. Mzee akadhani anasalimia, akamkaribisha chai kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Yule mama akaruka. Kisha akakaa akanywa.

Aprili 14
Nimemuuliza kwa kibao kwa nini alinyamaza. Nimeandika herufi kubwa asijifanye haoni. Akasema siku moja dukani aliomba wembe, watu wote wakageuka, wengine wakacheka, ndipo akajua alikuwa anapiga kelele. Hajui sauti yake inafika wapi. Akaona heri aifungie ndani kuliko kuwa kichekesho cha mtaa.

Na mimi nilidhani amenichoka.

Nikaandika: Piga kelele. Anayecheka mlete kwangu.

Aprili 19
Mvua kidogo. Tumegombana juu ya chumvi, yeye kwa mdomo, mimi kwa chaki. Chaki imevunjika.

Aprili 22
Risasi amekuja kuona kosa. Mzee amempa somo la mikono ya shati mlango ukiwa wazi, mtaa mzima ukasikia jinsi mke wake alivyoharibu. Mteja aliyefuata sare ananiuliza kama suruali nimeitia miguu miwili ya kulia. Nimemwambia avae akaone.

Aprili 28
Jua. Matope yameanza kupasuka. Siyapendi.

Mei 3
Barabara imekauka, mwanangu amekuja na gari kama alivyosema. Hakuna aliyemwambia kitu. Mjukuu alitaka kumpigia simu, nikamkataza, nikasema acha macho yake yamwambie.

Kabla hajafika mlangoni baba yake akamwona dirishani akamfokea kwamba amenenepa. Mwanangu akasimama uani na funguo mkononi. Akatazama nyuma yake, labda aliyefokewa ni mtu mwingine.

Tulipokaa, Mzee akasema ataenda kwa huyo daktari wa masikio, apimwe, alale siku kidogo, kisha arudishwe. Akasema ana kazi hapa. Mwanangu akaitikia kwa kichwa tu.

Nikasema kabla hawajaondoka nimwekee baba yake muziki. Kanda niliyoishika ilikuwa ya ile bendi ya ukumbi wa pili, mahasimu wao, ambao Mzee alikuwa akiwasikia anatema mate. Sikuangalia, nilikuwa nafuta macho. Nikawasha. Mzee akaweka viganja viwili juu ya boksi, akafumba macho, akasikiliza kwa mikono muda. Uso ukafunguka. Akasema, "Ule wimbo wetu wa kufungia dansi."

Akaanza kuimba. Ule wa bendi yake. Kwa sauti kubwa, nje ya mstari, juu ya wimbo wa watu aliowachukia ujana wake wote, na mapigo yakakaribia kufanana, ukitaka yafanane.

Mwanangu akafungua kinywa. Najua alichotaka kusema, na watu wote wanajua kwamba mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukisema. Nikamkanyaga mguu. Nikaenda upande wa pili wa boksi, nikaweka mikono yangu karibu na ya Mzee anione midomo, nikaimba naye ule wa kwake, mpaka mwisho.